Mafuriko na Ukame Mandera: Somo la Kujiandaa Mapema na Kuinuka Baadaye

Mnamo Novemba 2023 maji yaliingia ndani ya nyumba mjini Mandera na katika vijiji vingi vya kaunti hii. Familia zilihama makwao, barabara zikakatika, malori ya bidhaa yakakwama njiani. Mwaka uo huo ulikuwa umeanza kwa ukame. Mfugaji aliyetumia Januari akitafuta maji ya kuwanywesha mbuzi wake wachache waliobaki alijikuta, miezi kumi baadaye, akitafuta mahali pakavu pa kuwasimamisha.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kaya, kamati za vijiji, walimu, maimamu, machifu na vikundi vya akina mama na vijana. Linaeleza majanga mawili yanayoirudia Mandera mara kwa mara, jinsi ya kujiandaa nayo, na jinsi ya kuinuka yanapopita. Linaweza kusomwa nyumbani au kufundishwa barazani, na mwisho wake kuna maswali ya kujadiliwa.

Ukame na mafuriko huandamana

Wengi huuona ukame na mafuriko kama mambo mawili yasiyohusiana. Historia ya Kaskazini Mashariki inaonyesha vingine. Ukame wa 1996 na 1997 ulifuatwa na mvua kubwa za El Niño mwishoni mwa 1997. Ukame wa 2005 na 2006 ulifuatwa na mafuriko mwishoni mwa 2006. Ukame wa 2016 na 2017 ulifuatwa na mafuriko ya 2018. Kisha kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosa kunyesha inavyotakiwa. Mnamo Septemba 2021 serikali ya kitaifa ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kufikia mwisho wa kipindi hicho zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini. Mafuriko ya 2023 yakafuata.

Sababu moja iko mbali, baharini. Joto la maji katika Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi linapobadilika, hubadilisha mvua za Afrika Mashariki. El Niño huelekea kuongeza mvua za Deyr, yaani zile za Oktoba hadi Desemba, na La Niña huelekea kuzipunguza. Miaka ya 2020 hadi 2022 ilikuwa ya La Niña mfululizo, na 2023 ukawa mwaka wa El Niño.

Sababu ya pili iko chini ya miguu yetu. Ukame ukidumu, nyasi hukauka, vichaka hukatwa na ardhi huwa ngumu. Mvua ikinyesha juu ya ardhi hiyo, maji hayazami. Hutiririka kwa kasi kuelekea mabondeni. Aidha, katika miaka mikavu watu husahau njia ya maji. Kibanda hujengwa kando ya laga, kisha nyumba, kisha choo, na ukuta wa ua ukaziba mahali ambapo maji yalikuwa yakipita.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa mafuriko aanze wakati jua linawaka, na anayejiandaa kwa ukame aanze wakati malisho ni mengi.

Maji hutoka wapi

Mandera hupata mvua kidogo, takribani milimita 250 kwa mwaka. Hata hivyo, hatari ya mafuriko haipimwi kwa jumla ya mwaka. Mvua ya siku mbili au tatu inaweza kuwa sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima.

Mafuriko hapa huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni Mto Daua. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, hufuata mpaka, hupita Rhamu na Mandera, kisha huungana na mito mingine na kuwa Mto Juba nchini Somalia. Maana yake ni kwamba Daua inaweza kufurika huku anga ya Mandera ikiwa haina hata wingu moja. Mkulima wa Rhamu, Hareri au Khalalio asisubiri tone la mvua shambani mwake ndipo ahamishe pampu. Mvua ikinyesha kwa nguvu upande wa Ethiopia, maji yako njiani.

Njia ya pili ni laga. Laga hukaa kavu kwa miezi, watoto wakicheza mpira ndani yake na magari yakiitumia kama barabara. Mvua ikinyesha sehemu za juu, maji yanaweza kuteremka ghafla kama ukuta, na mtu aliye katikati ya laga hupata muda mfupi sana wa kutoka. Ndiyo sababu si salama kulaza mifugo, kuegesha lori wala kupiga kambi ndani ya laga katika msimu wa Gu au Deyr, hata kama mahali hapo pana kivuli kizuri.

Kulisikia onyo mapema

Wafugaji wa Mandera wana utamaduni wa sahan: kabla ya kuhamisha ngamia, watu hutumwa kwanza kuchunguza malisho, maji na usalama wa njia. Onyo la mapema la serikali ni sahan ya namna nyingine. Linakuja kupitia njia kuu mbili.

Ya kwanza ni Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Idara hii hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua za Machi hadi Mei na kabla ya zile za Oktoba hadi Desemba, pamoja na utabiri wa mwezi, wa wiki na tahadhari za mvua kubwa. Utabiri wa msimu husaidia kupanga. Tahadhari ya siku chache husaidia kuhama. Ni vyema kuelewa kwamba utabiri husema uwezekano. Ukisema mvua inaelekea kuzidi kiwango cha kawaida, hiyo haina maana kwamba kila kijiji kitafurika. Hata hivyo, aliye kando ya laga ana sababu ya kutosha ya kuhamisha ghala lake.

Ya pili ni Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ambayo hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame. Taarifa hiyo huonyesha hali ya malisho, umbali wa kwenda majini, bei za mifugo na vyakula, na lishe ya watoto, kisha huiweka kaunti katika hatua mojawapo: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni. Wengi husubiri neno dharura ndipo wachukue hatua. Neno linalofaa kumwamsha mfugaji ni tahadhari, kwa kuwa wakati huo mbuzi bado ana nyama na soko bado lina bei.

Onyo lisilomfikia aliye malishoni halijafanya kazi. Kila kijiji kipange ni nani atakayepokea taarifa, na ataisambazaje: vipaza sauti vya misikiti, redio za Kisomali, simu kwa wachungaji, waendeshaji bodaboda kwa vijiji visivyo na mtandao. Ujumbe uwe mfupi, kwa lugha inayoeleweka, na useme mambo matatu: nini kinakuja, lini, na watu waende wapi.

Maandalizi ya kaya

Usiku wa mafuriko haumpi mtu nafasi ya kutafuta kitambulisho. Mambo yafuatayo yafanyike kabla ya msimu wa mvua, na hayahitaji fedha nyingi.

1. Hati za familia ziwekwe pamoja ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi au barua za ploti, vyeti vya shule, kadi za kliniki na kadi za benki. Picha za hati hizo zihifadhiwe kwenye simu na zitumwe kwa jamaa aliye mji mwingine.

2. Maji ya kunywa yawekwe akiba. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Kaya ya watu 6 kwa siku 3 inahitaji lita 72, yaani jerikeni 4 za lita 20. Jerikeni ziwe safi na zifunikwe vizuri.

3. Chakula kisichohitaji kupikwa kwa muda mrefu kiwekwe mahali pa juu: tende, biskuti, unga, sukari, majani ya chai, maziwa ya unga. Usisahau kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki.

4. Dawa za wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, pumu na kifafa ziwe za angalau wiki moja zaidi. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua ahamie karibu na kituo cha afya kabla barabara hazijakatika.

5. Simu ichajiwe kila anga inapobadilika, na tochi iwe na betri. Nambari ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, ihifadhiwe pamoja na nambari za chifu, kituo cha afya na jirani wawili.

6. Familia ikubaliane kuhusu mahali pa kukutania. Kila mtoto ajue njia ya kufika huko, na ajulikane ni nani atakayembeba bibi au babu asiyeweza kutembea.

7. Mtaro unaozunguka nyumba usafishwe. Choo cha shimo kijengwe mbali na kisima, na upande wa chini yake, si wa juu.

Jambo la saba halikamiliki bila jirani. Mtaro ukisafishwa mbele ya nyumba moja na kuzibwa na takataka mbele ya nyumba ya pili, maji huzirudia zote mbili.

Maandalizi ya kijiji

Msaada kutoka mbali huchelewa, hasa katika kaunti iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi na ambayo barabara zake nyingi bado ni za udongo. Katika saa za kwanza mwokoaji ni jirani. Kwa hiyo kila kijiji kiwe na kamati ndogo yenye wazee, akina mama, vijana, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii na mtu anayeishi na ulemavu. Kamati hiyo iwe na kazi nne.

Kwanza, ichore ramani ya kijiji. Wazee waulizwe maji yalifika wapi mwaka 1997 na mwaka 2023, na alama hiyo iwekwe kwenye miti au kuta ili kila mtu aione. Pili, ichague mahali pa juu pa kuhamia, kama vile shule, msikiti au uwanja ulioinuka, na ihakikishe pana choo na mahali pa kuweka maji. Tatu, iwe na orodha ya kaya zinazohitaji msaada wa kuhamishwa: wazee wanaoishi peke yao, wajane wenye watoto wadogo, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Nne, iwe na vifaa vya pamoja: kamba ndefu, majembe, turubai, mikokoteni ya punda na magunia ya kujaza mchanga.

Shule zina jambo la ziada. Mitihani ya kitaifa huangukia Oktoba na Novemba, katikati ya Deyr. Mwalimu mkuu na wazazi wakubaliane mapema watahiniwa wa upande wa pili wa laga watalala wapi endapo maji yatashuka usiku wa kuamkia mtihani.

Maji yanapofika

Agizo la kuhama likitolewa, familia ihame mara moja, na mchana ikiwezekana. Wengi hubaki wakilinda duka, pampu au mbuzi. Mali inaweza kupatikana tena. Ndiyo maana orodha ya kuhamisha vitu iandikwe mapema, na pampu za mashambani ziinuliwe kutoka ukingo wa Daua siku ya onyo la kwanza.

Usivuke maji yanayotiririka, kwa miguu wala kwa gari. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanaweza kulisomba gari. Kenya imeshalipa gharama ya somo hili. Desemba 2021, basi lililokuwa na wanakwaya lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika huko Kitui, na zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2024, basi lilisombwa katika barabara ya Garissa, na abiria 51 wakaokolewa. Mwezi uo huo, boti lililobeba watu waliokuwa wakivuka maji ya mafuriko karibu na Garissa lilipinduka, na baadhi ya abiria wakapoteza maisha. Dereva anayeona wenzake wamevuka asidhani maji yatamngojea naye. Abiria naye ana haki ya kushuka. Kusubiri saa sita kando ya laga kunachosha, lakini hakujazi kaburi.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia, ikiwa mtu anaweza kuifikia akiwa mahali pakavu. Watoto wasiachwe kucheza wala kuogelea katika maji ya mafuriko. Mifugo ifunguliwe kamba na milango ya zizi iachwe wazi. Mnyama aliyefungwa hana njia ya kujiokoa.

Kujiandaa kwa ukame: kuuza kabla ya kupoteza

Mafuriko huja kwa saa chache. Ukame huja polepole, na kwa sababu hiyo humpa mtu nafasi ya kujidanganya kwamba mvua itanyesha wiki ijayo.

Chukua mfano wa kaya yenye mbuzi 40. Deyr ikikosa, na taarifa ya NDMA ikisema tahadhari, kaya hiyo ikiuza mbuzi 10 wakiwa bado wanene, itapata fedha za kununua chakula cha watu, dawa na malisho ya kuwatunza waliobaki. Ikisubiri hadi Machi, mbuzi hao hao watauzwa kwa bei ya ngozi, kama bado wanasimama. Mbuzi wa kuuzwa kwanza ni madume ya ziada na majike wazee. Majike wachanga yanayozaa ndiyo mbegu ya kundi jipya na yahifadhiwe.

Mambo mengine ya kufanya malisho yakiwa bado mengi ni kukata na kuhifadhi nyasi kwa ajili ya mifugo wanaonyonyesha, kuchanja na kutibu minyoo kabla mifugo hawajadhoofika, kusafisha mabwawa na birika za maji kabla ya mvua ili zijae, na kukubaliana na jamii jirani kuhusu malisho ya akiba. Makubaliano ya malisho yanayofanywa wakati wa neema huzuia umwagaji wa damu wakati wa dhiki.

Bima ya mifugo nayo ipo. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wake mwaka 2015, bima hii imekuwa ikipima hali ya malisho kwa picha za setilaiti, na fidia hutolewa malisho yanapopungua kupita kiwango kilichowekwa. Mfugaji aulize masharti kabla ya kujiunga: hulipwa lini, kwa wanyama wangapi, na kwa njia gani. Aidha, Mandera ni miongoni mwa kaunti zilizo katika mpango wa HSNP unaotoa fedha kwa kaya zenye uhitaji mkubwa. Kaya zinazostahili zihakikishe taarifa zao ni sahihi na kitambulisho hakijapotea.

Kuna hatari moja inayosahauliwa: mvua ya kwanza baada ya ukame. Mbuzi na kondoo waliokonda hufa kwa baridi usiku mmoja wa mvua. Zizi liinuliwe juu ya mawe au udongo mkavu, liezekwe turubai, na wanyama dhaifu walazwe ndani.

Maradhi yanayofuata maji

Mara nyingi adui wa pili huja maji yakishapungua. Vyoo hufurika, visima huchafuka na mbu huzaana.

Kipindupindu na kuhara huzuiwa kwa maji safi na usafi wa mikono. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa kwa kufuata maelezo ya pakiti. Mtu akianza kuhara, aanze kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS mara moja huku akipelekwa kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa juu. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mwaka 2016 mji wa Mandera ulikumbwa na kipindupindu na chikungunya kwa wakati mmoja. Chikungunya huenezwa na mbu anayezaa katika maji yaliyotuama, yakiwemo yale yaliyohifadhiwa nyumbani kwenye mapipa na matangi. Kwa hiyo anayeweka akiba ya maji ayafunike kabisa. Chandarua kitumike hata mchana kwa watoto wachanga wanaolala.

Kwa wafugaji, ugonjwa wa kuogopwa baada ya mafuriko ni Homa ya Bonde la Ufa. Ulizuka Kaskazini Mashariki baada ya mvua za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, na mlipuko huo wa pili uliua zaidi ya watu 150 nchini. Dalili ya kwanza huonekana zizini: kondoo na mbuzi wengi hutupa mimba kwa pamoja na wana wao hufa. Hilo likitokea, daktari wa mifugo apewe habari siku hiyo hiyo. Mnyama mgonjwa asichinjwe, mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Kunywa maziwa mabichi ni desturi ya siku nyingi, lakini katika msimu huo desturi hiyo ipumzishwe.

Kurudi nyumbani na kuinuka

Familia isirudi hadi viongozi waseme mahali ni salama. Nyumba ya udongo iliyolowa inaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kupungua, kwa hiyo kuta zikaguliwe kutoka nje kwanza. Nyoka na nge hujificha ndani ya magunia na chini ya magodoro. Vitu viinuliwe kwa fimbo. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Kisima kilichoingiwa na maji hayo kisitumike hadi kisafishwe na kutiwa klorini na wataalamu. Mizoga ifukiwe mbali na vyanzo vya maji.

Hasara iandikwe kabla ya kusafishwa. Picha za nyumba, duka, shamba na mifugo iliyokufa zichukuliwe kwa simu, na orodha ipelekwe kwa chifu au msimamizi wa wadi. Aliyepoteza kitambulisho aripoti polisi apate nambari ya OB, kisha afuatilie kingine katika ofisi ya usajili wa watu. Bila kitambulisho ni vigumu kupokea fedha za msaada au kusajili laini ya simu.

Mandera ina hazina yake ya kale ya kuinuana. Zaka, michango ya ukoo, na mifugo wanaopewa jamaa aliyepoteza kundi lake vimewasimamisha watu tangu kabla ya kuwepo ofisi yoyote. Kamati ya kijiji ihakikishe kwamba michango hiyo inamfikia pia mjane asiye na ukoo karibu, na mgeni aliyehamia juzi.

Watoto warudishwe shuleni na madrasani mapema iwezekanavyo, maana ratiba ya kawaida huwatuliza. Mtoto anayelia kila anaposikia ngurumo, au baba aliyepoteza ngamia wake wote na sasa hasemi na mtu, hana wazimu wala upungufu wa imani. Anahitaji kusikilizwa na, akizidiwa, kupelekwa kwa mhudumu wa afya.

Nafasi ya mwananchi katika mipango

Katiba ya Kenya, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Jukumu hilo hutimizwa vyema wananchi wanapolifuatilia. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hiyo vikao vya kukusanya maoni ni mahali pa kudai mtaro, daraja, bwawa au ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi nazo hupokea mapendekezo ya miradi. Mtaa unaofurika kila msimu uende huko ukiwa na ramani yake na picha zake, si malalamiko matupu.

Dini inafundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mvua ni ya Mungu. Kamba ya ngamia iko mikononi mwa mwenye ngamia.

Maswali ya kujadiliwa barazani

1. Katika kijiji chetu, maji yalifika wapi mwaka 2023? Ni nyumba ngapi mpya zimejengwa ndani ya mpaka huo tangu wakati huo?

2. Onyo likitolewa leo saa kumi jioni, nani ataambiwa wa kwanza, na mchungaji aliye mbali kabisa atalipata saa ngapi?

3. Ni kaya zipi zinahitaji msaada wa kuhamishwa, na nani amekubali kuzisaidia?

4. Deyr ikikosa, kila kaya itauza mifugo wangapi, na mwezi gani?

5. Ni mtaro upi au laga ipi ambayo sisi wenyewe tunaweza kuifungua wiki hii, kabla ya kungoja mtu yeyote?

Swali la tano lijibiwe kwa majembe, na baraza lipange siku kabla halijavunjika.